Maziwa ya Kupeleka Kesho

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza hapo ulipokaa: mtu akifika Kesho kabla Kesho yenyewe haijaiva, nani atakwenda kumpokea?

Usijibu upesi. Mashavu alijibu upesi. Alisema, "Mama yake," akaona hakuna jibu jepesi kuliko hilo. Akaambiwa: haya, mama yake ni wewe, na wewe uko Leo. Huko utafikaje?

Maana ndivyo nchi ile ilivyojengwa. Ilikuwa na nyumba mbili basi. Ya kwanza ni Nyumba ya Leo, ya udongo uliopakwa chokaa, yenye baraza pana, mabenchi manne, mtungi wa maji na kata yake ya kifuu, na jiko la mkaa ambalo halikuzimwa tangu liwashwe. Ya pili ni Nyumba ya Kesho, vioo vitupu, ng'ambo ya ukumbi mrefu. Ukumbi wenyewe haukuwa na urefu mmoja. Siku ya kawaida ulikuwa hatua arobaini. Ukiwa na wasiwasi zilifika mia tatu. Sihaba alidai aliwahi kuvuka kwa hatua tisa, lakini Sihaba ni mtu wa kutia chumvi. Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na Bawabu.

Waliokaa Nyumba ya Kesho ni watoto waliokuwa na haraka. Wenzao walitulia matumboni wakangoja siku yao iwafikie. Hawa wakatoka kuifuata. Wakaipita Leo mbio, hata mama zao hawakuwahi kuwaona sura vizuri, wakatua Kesho wakiwa na uzito wa papai changa, masikio laini kama utandu wa maziwa, na vidole ambavyo ukivihesabu ulitaka kuvihesabu tena. Kumbe huko Kesho hapakuwa tayari. Hapakuwa na joto, ndiyo maana kila mmoja aliwekwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto la kuazima. Wala hapakuwa na chakula. Chakula kilitoka Leo, vifuani mwa mama zao, kikakamuliwa kwa mkono, kikatiwa chupani, kikavuka ukumbi.

Mashavu alikuwa na siku ngapi pale? Hata yeye hakujua. Ilikuwa Jumanne. Jana yake pia ilikuwa Jumanne, na juzi yake Jumamosi, tena Jumamosi ndefu. Saa ya ukutani ilikuwa na namba nane tu, kila namba mkamuo mmoja, na jua lilikuwa likifika usawa wa mpera uliokuwa uani, linasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha linarudi lilikotoka. Giza halikuingia. Mtu akiishi namna hiyo, vitu vidogo vidogo ndivyo vinavyoanza kumpotea. Alianza kusahau umri wake. Kisha akasahau nyumba yao ilitazama upande gani. Halafu, akinawa uso mtungini, akaona sura kwenye maji, akajiuliza: huyu ni Mashavu, au ni mama yake Mashavu, au ni yule mtoto mwenyewe amekwisha kuzeeka huko aliko? Na mama ni nani hasa? Ni aliyezaa? Ni aliyebeba? Yeye alikuwa amezaa, kubeba alikuwa hajabeba. Alikuwa mama kama mtu mwenye ufunguo mfukoni wa nyumba ambayo hajapata kuuona mlango wake.

Alitaka kitu kimoja tu, akijua ni kitu gani, na hakuwahi kukitamka.

*

Mtunza maziwa alikuwa Bi Kirembo, bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio la kushoto. Alikuwa hapo tangu lini hakuna aliyejua, na ukimuuliza alisema, "Tangu Jumanne." Kazi yake kupokea chupa, kubandika kipande cha plasta na kuandika kwa penseli mtoto wa nani, na kuwafundisha wageni kukamua.

"Gumba juu, kidole cha shahada chini, nyuma ya weusi. Sukuma kifuani kwanza. Sasa bana. Sasa achia. Usivute, mwanangu! Ng'ombe ndiye anayevutwa."

"Na ng'ombe mwenyewe analalamika," akasema Sihaba.

Sihaba alikuwa na pacha ng'ambo, na maziwa yake yalikuwa kisa. Alikamua huku anasuka nywele za mwenzake, huku anasimulia, huku anatafuna muhogo, na chupa zilijaa zikafurika. "Mimi nikipiga chafya tu, kikombe kimoja," alikuwa akisema, na wenzake wakamrushia maganda.

Mashavu alikuwa amekaa benchi la mwisho, mgongo wima, chupa imeshikwa kwa mikono miwili. Mwanzoni alipata vizuri. Dang'a ya manjano, nzito kama asali, Bi Kirembo aliipokea kwa kijiko akasema hiyo ni dhahabu ya mtoto. Kisha maziwa meupe. Kisha robo ya chupa. Jumanne ile ninayokusimulia, alikamua mpaka mkono ukafa ganzi, na kilichopatikana kilifunika kitako cha chupa tu, kama umande.

Alikileta mbele ya Bi Kirembo bila kuinua macho. Wote wawili walijua maana yake. Ng'ambo kulikuwa na papai changa linalongoja, na umande haushibishi mtu.

Bi Kirembo alivuta kigoda, akapangusa miwani kwa upindo wa nguo, akaanza kuuliza kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, pole pole, pembe kwa pembe.

"Kula unakula?"

"Nakula, bibi."

"Uji wa ulezi?"

"Vikombe viwili vikubwa."

"Mbaazi?"

"Mpaka nimeanza kufanana nazo."

"Maji je? Kitambaa cha moto kifuani kabla ya kukamua?"

"Vyote, bibi."

"Basi lete kitambaa cha mtoto nikione."

Hapa sharti nikueleze. Pamoja na maziwa, kitu kingine kilichokuwa kikivuka kila siku ni kitambaa. Kila mama alikata vipande viwili vya nguo laini, kadiri ya kiganja. Kimoja alikivaa kifuani, katikati, kutoka mkamuo hadi mkamuo, kisha akakipeleka ng'ambo kiwekwe chini ya shavu la mtoto. Cha pili, alicholalia mtoto, kilirudi kwa mama, na mama alikinusa anapokamua. Kwa njia hiyo mtoto anajua yuko nani upande wa pili, na maziwa yanajua yanakwenda kwa nani. Maziwa hayana masikio, yana pua.

Mashavu akatoa kitambaa chake mfukoni. Kilikuwa cheupe pe, kimekunjwa mara nne, kona juu ya kona, ukingo umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo kama meno ya panya. Bi Kirembo akakileta puani. Akakishusha. Akakirudisha puani.

"Hii harufu ya nini?"

"Sabuni, bibi. Na udi kidogo."

"Mtoto wako anafukiza udi huko aliko?"

"Hapana, bibi. Mimi ndiye. Kikija nakifua."

Hata Sihaba aliacha kutafuna.

"Na kile unachompelekea yeye?"

"Nacho nakifua," Mashavu akasema, sasa kwa fahari kidogo, maana kazi yake aliipenda. "Nakivaa kama ulivyosema. Kisha nakifua mara mbili, naanika kivulini kisichujuke, napiga pasi, nafukiza. Bibi, siwezi kupeleka kitambaa chenye jasho kwenye nyumba ya watu!"

Sihaba alianguka. Sikutanii, alianguka kutoka kwenye benchi akakaa sakafuni, miguu mbele, machozi yanamtoka. "Jamani! Jamani nakufa! Mtoto wa watu huko anadhani mama yake ni mche wa sabuni!"

Wakacheka benchi la kwanza, wakacheka la pili, kicheko kikazunguka kama sinia la halua. Mashavu alisimama katikati, uso unawaka, na chozi moja likatangulia. Halafu akapata picha ya mwanawe ndani ya sanduku la kioo, amefumba macho, anamnusa mama yake kwa makini, na mama mwenyewe ni kipande cha sabuni kimekaa kwenye kisahani. Akacheka yeye zaidi ya wote, mpaka akashika mbavu, mpaka Bi Kirembo naye akavua miwani asiivunje.

"Ah, mwanangu," bibi akasema alipopata pumzi. "Umejifua mpaka umejitoa."

*

Mashavu alilelewa na shangazi yake, mwanamke wa nyumba safi na midomo iliyofungwa. Huko alijifunza mambo mawili. La kwanza, chochote kinachotoka nyumbani kwenda kwa watu kitoke cheupe. La pili, ukiulizwa unataka nini, unajibu, "Sitaki kitu." Njaa inauma, umekaribishwa, unasema umeshiba. Miguu inawaka, umepewa kiti, unasema hapa hapa panatosha. Wakamsifu kwa adabu. Akasifiwa mwaka huu na mwaka ule, mpaka kutaka kwenyewe kukawa kama kile chumba cha mwisho ambacho watu wa nyumba wanakipita bila kukifungua, hawakumbuki kina nini.

Sasa fikiria. Mtu ambaye hataki kitu yuko wapi? Utamjuaje? Jiwe halitaki kitu. Kikapu hakitaki kitu, kinabeba tu unachokitia. Lakini mtoto wa jana, asiyejua jina wala dunia, jambo lake la kwanza ni kutaka: analia. Kabla hajawa na jino amekwisha kuwa na ombi. Labda hapo ndipo mtu anapoanzia, na anayenyamazisha ombi lake anarudi nyuma kidogo kidogo, anapita utoto, anapita kuzaliwa, anafika pale pasipo na mtu. Mashavu aliyawaza hayo akiwa na kitambaa kipya kifuani, na hakuyawaza kwa maneno haya yangu. Aliyawaza kwa kujikuna. Kitambaa kilimwasha. Kilikuwa kinaloa jasho, kinaloa maziwa yale machache, kinanuka moshi wa jiko na vitunguu alivyomenya Sihaba. Saa ikapita namba moja, ikapita mbili. Kila mara mkono ulijipeleka kwenye ndoo wenyewe, na kila mara Bi Kirembo alikohoa.

"Nakuona."

"Nilitaka kunawa tu, bibi."

"Mikono nawa. Kitambaa kiache kinuke."

Ilipofika namba ya tatu alikitoa, akakiweka kwenye kisahani, akajitia ukumbini. Siku hiyo zilikuwa hatua mia mbili na kitu.

Bawabu alikuwa amesimama mahali pake. Sura yake ilikuwa ya shangazi, vilevile, ila yenye masharubu. Kalamu sita mfukoni. Hakuwa mkali. Aliuliza neno lile lile alilomuuliza kila anayefika, kwa sauti ya mtu anayesoma ubao:

"Umeleta nini?"

"Kitambaa," Mashavu akasema, na aibu ikampanda hadi masikioni. "Samahani, hakijafuliwa."

Mlango ukafunguka. Ulifunguka kiasi cha kitambaa: upenyo wa kiganja, si zaidi. Mikono yenye glavu ikapokea, upenyo ukajifunga.

Mashavu alibaki amesimama. Aliyaona hayo mara ngapi? Kila siku. Leo ndipo alipoyatazama. Akileta chupa, mlango hufunguka kiasi cha chupa. Sihaba akileta chupa nne, hufunguka kiasi cha chupa nne, na Sihaba hujisifu. Mama mmoja aliwahi kuleta chupa ya chai ya wauguzi wa ng'ambo, ile kubwa ya maua, na mlango ukafunguka kwa upana wa chupa ya chai na maua yake. Hakuna aliyewahi kukataliwa. Wala hakuna aliyewahi kuingia.

Aliporudi barazani aliuliza, "Sihaba, shoga yangu, Bawabu unamwona ana sura gani?"

"Yule karani aliyenichumbia akaenda kufikiri. Mpaka leo anafikiri."

"Na wewe, bibi?"

Bi Kirembo alikuwa anachonga penseli. "Mimi naona koti limetundikwa kwenye msumari," akasema. "Siku zote nimeliona koti. Nilidhani ni macho yangu."

*

Kitambaa cha mtoto kilirudi namba ya nne.

Mashavu alikipokea kwa vidole viwili. Hakikuwa cheupe. Kilikuwa na doa dogo kona moja na unyevu wa shavu. Akaketi benchi la mwisho, akasogeza chupa, akakileta puani akiwa amefumba macho, kama mtu anayeogopa kufungua barua.

Harufu ya uji uliopoa. Harufu ya mkunjo wa shingo, pale jasho linapojificha. Ya kioo chenye joto. Na kitu kingine chini ya hivyo vyote, kisicho na jina, ambacho hakuwahi kukinusa maishani na alikijua papo hapo.

Kwanza aliona kama amechomwa na sindano nyingi ndogo. Kisha vuguvugu. Kisha, jamani, kisha maziwa yalikuja bila kukamuliwa, yakalowesha gauni mpaka kiunoni, yakadondoka kwenye benchi.

"Chupa!" Bi Kirembo akapiga ukelele. "Leteni chupa!"

Zikaletwa chupa mbili zikajaa. Kikaletwa kikombe. Sihaba alikuja mbio na sufuria ya uji, akamwaga uji uani, akaisuuza kwa maji ya moto mara tatu, akapiga magoti mbele ya Mashavu ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayekinga paa linalovuja. "Haya mwaga, mama, mwaga! Sabuni imekwisha, sasa povu!" Barazani ilikuwa vigelegele. Bi Kirembo akabandika plasta, akaandika, akabandika, penseli ikavunjika ncha, akaandika kwa kipande cha mkaa.

Shamrashamra zilipotulia, bibi akakaa karibu yake. Akanyoosha miguu. Akasema kama anayesimulia habari za mvua:

"Mimi nami nilikuwa na wangu huko. Nilikuwa na maziwa kuliko huyu Sihaba."

"Haiwezekani," Sihaba akasema.

"Nyamaza, wewe. Nilipeleka chupa, nikapeleka chupa. Kila nikiulizwa umeleta nini, nasema maziwa. Nilikuwa najibu vizuri sana. Siku moja mlango ukafunguka kutokea ndani, akatoka mwanamume mrefu, ana ndevu. Akaniamkia, 'Shikamoo, mama.' Nikamkumbatia pale pale, ndevu zikanichoma shingo. Mtoto mzuri, hana neno. Ananiletea sukari." Akacheka kidogo. "Lakini mkono wangu huu, hapa kwenye kiwiko, pana mahali pa kichwa cha mtoto. Mpaka leo pako tupu. Nikikaa nakuta nimeukunja hivi, naupembeza."

Mashavu akautazama mkono ule. Kweli ulikuwa umekunjwa. Akatazama wa kwake. Nao ulikuwa umekunjwa vilevile, na hakujua tangu Jumanne ipi.

"Kwa nini hukusema, bibi?"

"Kusema nini? Sikuulizwa."

Saa ya ukutani ikasogea kwenye namba ya tano. Mashavu akainuka. Akanawa mikono mpaka viwiko, kwa sabuni, sawasawa, hiyo ilikuwa haki ya sabuni. Kifua hakukigusa. Akafunga gauni, akaanza kwenda.

"Mashavu! Chupa umeisahau!"

"Sijaisahau, bibi. Hizo zilizojaa atazileta Sihaba. Haya mengine yamo mahali pake."

Bi Kirembo akaacha mdomo wazi. Kisha akavaa miwani, akafunga uzi sikioni vizuri, kama mtu ambaye hataki kukosa kuona.

*

Ukumbini.

Hatua kumi. Bawabu atasema wewe nani. Mimi nani? Mimi ni yule wa jasho na vitunguu, muulizeni mtoto, ananijua.

Hatua ishirini. Na akikataa? Nitarudi. Mguu unajua kurudi, umefanya hivyo siku zote. Nitarudi namba ya sita.

Mikono mitupu ni mizito, kumbe. Nani angedhani. Chupa ilikuwa inanishikilia mimi.

Shangazi, unisamehe. Nimekwenda kwa watu sijafuliwa.

Hatua thelathini na moja, na ukumbi ukaisha.

Bawabu alikuwepo. Shangazi mwenye masharubu. Alimtazama mikono, ya kulia, ya kushoto, na kwa mara ya kwanza akaonekana amepotelewa na mstari aliokuwa akiusoma. Masharubu yakacheza. Kwa kufumba na kufumbua Mashavu aliona mahali pa shingo pana kola, na juu ya kola pana msumari.

"Umeleta nini?" koti likauliza.

Nyuma yake, mbali barazani, alisikia kicheko kimekatika, benchi limelia, wanawake wote wamesimama. Akausikia moyo wake. Akaisikia bawaba ya mlango nayo, inatetemeka, kama mtu anayengoja umalize ili acheke nawe. Alikuwa na jibu la adabu mdomoni, lile la miaka yote, lilikuwa limekwisha kupanda hadi kwenye meno. Akalimeza.

"Sijaleta kitu," Mashavu akasema. Akakunjua mikono, akaikunja tena kama inavyokunjwa. "Nataka kumbeba mwanangu."